Jina Lako Nyuma ya Jiwe la Baba

Kurimoto Fusae,
Mtaa wa Yashima, Takamatsu,
Japani.

4 Julai 2019

Mpendwa kaka Kunihiko,

Shikamoo kaka. Ni mimi Fusae, kitinda mimba wenu. Nakuandikia nikiwa mzima, ukiacha magoti, na magoti yangu unayajua. Wewe hujambo? Mguu wa kushoto umepoa, au bado unakusumbua kila baridi ya huko Brazil inapoingia? Wifi Kimiyo naye, presha imeshuka? Mwambie aache chumvi, na asijifanye hasikii. Sisi hatujambo. Mzee wangu Seiji ametimiza miaka sabini na saba mwezi wa tano. Anakula vizuri, na kukoroma anakoroma vizuri zaidi.

Najua nimekaa kimya tangu Mwaka Mpya. Usininunie. Nilikuwa na jambo, na kila nikishika kalamu mkono ulikuwa mzito. Leo nalitoa lote, kwa hiyo kaa chini kwanza, na hiyo kahawa yenu chungu iweke pembeni isije ikakumwagikia.

Mwezi wa tatu nilipata barua kutoka hekalu letu la Hakodate. Walisema tangu ndugu yetu Yoshinobu afariki, hakuna mtu wa nyumbani aliyekwenda kaburini. Wameweka kibao palepale kututafuta, na mwaka waliotupa unaisha. Asipojitokeza mwenye kaburi mpaka mwisho wa Agosti, jiwe litang'olewa, na mifupa ya baba, mama na Yoshinobu itahamishiwa kwenye shimo la pamoja, la wale wasio na watu. Niliisoma nimesimama jikoni. Wali wote ukaungua.

Sasa mimi ningefanyaje? Yoshinobu hakuacha mke wala mtoto. Mimi niliolewa, naitwa Kurimoto, na nitalala kwenye kaburi la akina Kurimoto. Mtoto wa kwanza wa kiume ni wewe. Lakini siku ulipopanda meli ya Brazil, mwaka 1961, nilikuwa na miaka kumi na mitatu na masikio yangu yalikuwa mazima. Nilimsikia baba akisema, kwa ile sauti yake ya karakana ya meli, kwamba kuanzia siku hiyo hana mtoto wa kwanza. Hakulitaja jina lako tena hadi alipokufa. Barua zako mama alizisoma chooni.

Basi niliamua peke yangu, nisamehe. Nitakwenda nilioshe kaburi, niwaage wazazi, halafu nipige muhuri kwenye karatasi ya kulifunga. Nilijiambia yaliyopita yamepita, na baba mwenyewe ndiye aliyekata mti.

Njia nayo ikajileta yenyewe. Watoto walimnunulia Seiji safari ya meli ya matembezi, zawadi ya kutimiza miaka hiyo sabini na saba. Inaondoka Kobe, inazunguka mpaka kaskazini, na siku moja inatia nanga Hakodate, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Kaka, meli hiyo! Ina ghorofa kumi na mbili na lifti za vioo, na bafu la maji ya moto lililo juu kabisa, unaoga huku bahari inapita dirishani. Seiji alipotea mara tatu akitafuta chumba chetu, na mara ya tatu alikutwa amekaa kwenye darasa la kupanga maua, ameona haya kutoka.

Siku ya Hakodate tuliamka na mvua. Siyo ya kuchezea. Nilifungua pazia nikautafuta mlima nisiuone, umemezwa wote, na mji umebaki taa tu. Miaka kumi na mitatu sijafika pale. Nilisimama dirishani na nguo za kulalia, nikasikia harufu ya ngisi na mafuta ya meli. Bandarini watoto wa shule walikuwa wanatupigia ngoma chini ya turubai, wamelowa chapachapa, wanapiga kama vile jua linawaka.

Tulipanda tramu mpaka kituo cha mwisho, pale penye karakana aliyofanyia kazi baba, kisha tukapanda ule mteremko kwa miguu. Maji yalikuwa yanashuka barabarani, sisi tunapanda. Seiji amebeba mwavuli, mimi nimebeba maua, ngisi mkavu na kichupa cha pombe ya mchele aliyoipenda baba. Hekaluni tuliazima ndoo na kata, kasisi hayupo, ameitwa kwenye msiba, wakasema atarudi saa nane.

Na hapa, kaka, ndipo ninapoanza kuona aibu. Unajua sisi akina Kudo tulivyojaa Hakodate. Ukitupa jiwe sokoni linampiga Kudo, likidunda linampiga Kudo mwingine. Kwenye lile shamba la makaburi kila jiwe la tatu limeandikwa kaburi la nyumba ya Kudo. Mimi nililiona la kwetu mara moja tu, siku ya kumzika Yoshinobu, mwezi wa kwanza, theluji imefika kiunoni, na waliichimba upande wa mbele peke yake. Mama alipofariki jiwe lilikuwa bado halijajengwa, na alipozikwa baba nilikuwa na mimba ya miezi minane, sikuruhusiwa kusafiri. Lakini nani angekubali kwamba halijui kaburi la baba yake? Nikasema ni lile pale. Seiji akauliza, una hakika? Nikamwambia, wewe unanifundisha kwetu?

Tukaliosha. Nikatia kata ndooni, nikamwaga maji juu ya jiwe, nikasugua, nikamwaga tena. Mvua inapiga mpaka hatusikilizani.

"Mke wangu," Seiji akasema, "mbingu nzima inamuogesha. Kikata chako kinaongeza nini?"

"Mvua ni ya kila mtu," nikamjibu. "Haya ni yangu mimi."

Ubani ulikataa kuwaka, tukauwashia ndani ya koti lake. Nikamimina pombe, nikaweka ngisi, nikapiga magoti kwenye maji. Nikamweleza baba kila kitu. Nilimwambia nimekuja kukuaga. Nikamwambia na la moyoni, ambalo sijawahi kumwambia mtu: kwamba sikumsamehe kwa alivyokufanyia wewe, na mama alikufa anakuulizia. Nililia nusu saa nzima, kaka. Seiji naye akainama, akaomba radhi kwa kunioa mbali.

"We mama," nikasikia sauti nyuma yangu, "mbona unamuogesha mume wangu?"

Nikageuka. Bibi mfupi, mgongo umepinda, koti la mvua la njano limemfika miguuni, ana ndoo yake mkononi.

"Huyu siye Kudo?" nikauliza.

"Kudo ndiye, lakini Kudo wangu mimi. Fundi wa saa. Na hiyo pombe mliyommwagia, maskini, hakuonja hata tone maisha yake yote. Leo ndiyo mmemlewesha."

Nilitamani ardhi inimeze. Seiji, badala ya kunisaidia, alikuwa anacheka mpaka mwavuli unatikisika. Mambo yetu yote nimemwaga kwa fundi saa nisiyemjua! Nikaomba radhi, nikainama mpaka paji la uso likagusa maji. Bibi akanishika bega akaniinua. Anaitwa Bi Hatsue, ana miaka themanini na tisa.

"Nyamaza mwanangu, anapenda wageni," akasema. "Mnamtafuta Kudo gani? Yule wa karakana? Si huyo hapo."

Lilikuwa nyuma yetu, hatua nne.

Kaka, nilikuwa nimejiandaa kukuta majani na kuvu na jiwe lililoinama. Nilibeba mpaka mundu mkobani. Nikakuta jiwe linang'aa. Hakuna jani hata moja, mchanga umefagiliwa, maua mabichi kwenye vyombo vyote viwili. Kibao cha hekalu kipo, kimesogezwa pembeni kwa adabu ili kisiwazibe wazee. Nilisimama pale na maua yangu, sina pa kuyaweka.

"Nani amefanya haya?"

"Ni mimi," akasema Bi Hatsue, kana kwamba namuuliza nani kafunga mlango. "Alikuwa anakuja bwana mmoja mkimya, mvuta sigara. Kisha akaacha, nikajua naye ameingia humohumo. Jina letu moja, tumepakana. Ningemuogesha wangu huku jirani ananiangalia na vumbi lake?"

Miaka kumi na mitatu, kaka! Kwenye mteremko ule unaonitoa roho mimi, tena na ule mgongo! Hakuna aliyemtuma, na hakujua hata sisi ni nani. Nilimshika mikono, na mikono yake ilikuwa baridi na migumu.

"Njoo nyuma," akaniambia. "Kuna mtu nataka kukuuliza habari zake."

Nikazunguka nyuma ya jiwe, upande ambao ile siku ulikuwa umefukiwa na theluji. Pameandikwa mwaka 1977. Chini yake pameandikwa: aliyelijenga, Kudo Kunihiko, mtoto wa kwanza. Na jina lako limepakwa rangi nyekundu.

Umekaa huko miaka hamsini na minane, labda umesahau desturi zetu. Jina la aliye hai hupakwa nyekundu. Siku akifa, rangi inaondolewa. Wewe hukulijenga jiwe lile, hukujua hata kama lipo. Alilijenga baba, kwa mshahara wake wa karakana, miaka kumi na sita baada ya kukufukuza, akalitia jina lako. Mdomo wake ulisema hana mtoto wa kwanza, kisha akaenda kwa mchonga mawe akaandikisha kwamba anaye, tena yu hai, na mahali pake pamewekwa. Sasa nimeelewa kwa nini Yoshinobu, aliyebaki naye na kumuuguza, hakuwahi kunitumia hata picha moja ya jiwe lile. Maskini Yoshinobu, naye alikuwa na lake la kumeza.

Maji yalikuwa yanatiririka juu ya maandishi na ile nyekundu inawaka mpya kabisa. Baba amekufa miaka arobaini sasa. Rangi gani inakaa miaka arobaini Hakodate?

"Mwaka ule wa kwanza ilikuwa imebanduka," Bi Hatsue akasema. "Nikajiuliza, huyu amekufa? Lakini hakuna aliyekuja kuniambia amekufa. Mtu hafi mpaka usikie. Nikaenda dukani nikanunua rangi na kiburashi. Kila mwaka kabla ya sikukuu ya wafu namrudishia. Namwambia, we Kunihiko, mimi sikujui, lakini usinifie mikononi." Kisha akanitazama, maji yanamtiririka usoni. "Sasa wewe niambie. Yupo?"

"Yupo," nikasema. "Yuko Brazil. Ana miaka sabini na tisa, analima, mguu wa kushoto unamuuma."

"Aa, yupo!" akasema. "Yupo kweli!" Akakaa palepale kwenye ukingo wa kaburi akacheka, akajifuta macho kwa kiganja. Seiji akamtolea simu, akamwonyesha ile picha yako ya harusi ya binti yako Sayuri. Akaichungulia chini ya mwavuli kwa muda mrefu. Akakuinamia kichwa, kaka, wewe uliye kwenye simu, akakusalimu kwa jina.

Saa nane kasisi alirudi. Ni kijana, sawa na kitinda mimba wangu. Akatandaza karatasi mezani, akanionyesha mahali pa muhuri. Nilikuwa nao mkononi, nimeshaupaka wino. Nikausimamisha hewani. Nikamwambia, sipigi. Hili kaburi lina mwenyewe.

Akaniuliza kwa upole, yule aliyeandikwa kwa rangi nyekundu yu hai, au ni ndugu wamesahau kuiondoa? Nikamjibu yu hai. Akasema kama yu hai, neno la kwanza ni lake, na hata akiwa ng'ambo ya dunia anaweza kuandika kwa mkono wake kwamba kaburi hili ni langu, na jiwe litabaki. Mimi, ingawa niliolewa nje, naweza kulitunza kwa niaba yake. Lakini lazima aandike mwenyewe, kabla ya mwisho wa Agosti.

Tulirudi melini tukiwa wa mwisho, viatu vinatoa maji. Wakati wa kung'oa nanga watu wa mji walikuja na miavuli yao kutuchezea ngoma ya ngisi, ile ya mji wetu, wakubwa kwa watoto, huku mvua inawapiga. Nilitazama mlimani nisione kitu. Hata hivyo nilipunga mkono mpaka Seiji akaniambia tumeshatoka bandarini.

Fomu iko ndani ya bahasha hii, andika pale penye alama ya kalamu. Najua una hasira ya miaka hamsini na minane, na sikukatazi kuwa nayo. Mkasirikie baba utakavyo, lakini mkasirikie ukijua alipokuweka. Na ukiweza kupanda ndege, njoo. Nitakupandisha ule mteremko polepole, na kaburi safari hii silikosei.

Nisalimie wifi Kimiyo, Marcos na mkewe, Sayuri, na wajukuu wote mpaka yule mdogo mwenye meno mawili. Seiji anakusalimu sana. Wazee wetu wakulinde, wakupe usingizi mwema na miguu isiyouma.

Bi Hatsue atapaka rangi wiki ya kwanza ya Agosti, anangoja nimpigie simu. Nimeshamwambia yeye, na kasisi, na baba mwenyewe, kwamba uko hai. Usinifanye mwongo, kaka. Andika.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu ulipokuwa unanibeba mgongoni,

Fusae