Joto Lisilo na Ruhusa ya Kutoka

Mwende, mwenzangu,

Nina hasira, na najua huko uliko hutaniambia nitulie, maana hata ulipokuwa hai hukuniambia. Ulikuwa ukiniacha niwake mpaka nizimike mwenyewe, kisha unauliza kama maji ya chai yamechemka. Basi leo pia niache niwake.

Kwenye cheti cha kifo wameandika kwamba ulikufa kifo cha kawaida. Kawaida! Mtu mzima wa afya, mwalimu aliyesomea chuo kimoja na mimi, anakutwa mchana amelala chini, hainuki, kwenye chumba cha juu ya paa la nyumba ya watu, mtaa wa Al-Suwaidi, Riyadh. Mabati juu, mabati ubavuni. Kidirisha cha kioo kimepigiliwa misumari ati usije ukaongea na madereva wa jirani. AC imekufa tangu kabla ya Ramadhani na bosi wako kila siku anasema bukra, bukra, kesho isiyofika. Halafu hiyo ndiyo kawaida. Na watu wetu wenyewe, Mwende, wananishika bega wananiambia siku yako ilikuwa imefika. Mimi ni Mwislamu, kadari naijua. Jua aliliumba Mungu. Misumari ile aliipiga nani?

Unamkumbuka yule wakala wa Nairobi? Ati twende tukafundishe watoto wa matajiri Kiingereza na sayansi. Nasi, kwa kuwa serikali ilikuwa haijatuajiri, tukabeba vyeti vyetu vya ualimu kama mayai. Tulipofika Riyadh tukakabidhiwa aproni na mopu, wewe nyumba hii, mimi nyumba ya pili. Mimi nililia. Wewe ulisema, "Mishi, mwalimu ni mwalimu hata akiosha choo," ukacheka peke yako.

Paa lenu na letu yalitengwa na ukuta mfupi, na saa ya kuanika nguo ndiyo ilikuwa saa yetu. Siku moja nikakukuta na binti wa madam wako, ana kazi ya shule kuhusu joto la dunia. Umeweka chupa mbili za jamu juani, zote zina maji, moja wazi, moja umeifunika. Mkasubiri. Binti akatia kidole huku, akatia kidole kule, macho yakamtoka. Ukamweleza kwa Kiarabu chako cha kuokoteza, na alipoteremka ndipo ukanipa mimi somo lenyewe. "Mwanga unaingia na viza yake, hakuna anayeuuliza. Ukifika chini ukafanya kazi, unageuka joto. Sasa joto likitaka kutoka linaambiwa mafi, hakuna, subiri ruhusa ya bosi mdhamini wako, kafili." Wallahi nilicheka mpaka nikaangusha shuka la madam vumbini, nikalifua upya.

Kisha ukakunja uso, ukawa mwalimu. Ukasema chupa ni mfano tu. Huko juu kazi hiyo inafanywa na hewa, na bila hewa hiyo tungeganda sote kwa baridi. Ni blanketi, na blanketi si baya. Ubaya ni kila moshi wa gari na wa kiwanda unapokuongezea jingine, na jingine, na huwezi kulitupa. Binti alisifiwa shuleni. Madam akafurahi, akakununulia keki, ukapandishiwa kipande mpaka chumbani kwako. Keki ilipanda ngazi. Fundi wa AC hakupanda.

Sasa nikupe habari. Bosi wangu alipata kazi bandarini Jeddah, tukahamishwa wote, mimi na friji. Riyadh ilikuwa inakukausha. Hapa unapikwa kwa mvuke. Ijumaa mchana napewa ruhusa, naenda mtaa wa Ghulail kwa Mama Zuhura, mwanamke wa Unguja anayeuza maandazi. Ametoa chumba chake cha nyuma, nafundisha watoto wa watu wetu wasio na ikama, kibali cha kukaa, ambao hakuna shule inayowataka. Dirisha amelipigilia ubao ili majirani wasisikie watoto wakisema. Hofu yake naielewa. Ila lile joto, Mwende, mle ndani! Watoto wanaandika huku jasho linadondoka kwenye karatasi.

Ijumaa iliyopita nilifundisha somo lako. Chupa mbili nilizianika mlangoni, nikaziingiza zikiwa moto, watoto wakatia vidole. Nikawapa mwanga na viza yake. Nikawapa kafili. Na nilipofika hapo ulimi haukusimama, nikawaambia juu yako, jina lako na chumba chako.

Mama Zuhura akatoka jikoni mikono imejaa unga. Hasira zake nazo! Ati watoto watakwenda kulisema neno kafili barabarani, ati nawatia watoto maneno ya kifo, nifundishe a-e-i-o-u au nibebe chupa zangu. Halas, darasa limekwisha. Nami nikazibeba kweli. Nilikuwa nimeshafika mlangoni wakati Najma, binti wa fundi cherehani, alipouliza swali lake, bila ujeuri wowote, anataka kujua tu.

"Mwalimu, sisi tumo kwenye chupa ipi?"

Mama Zuhura alimtazama yule mtoto, nywele zimemganda usoni kwa jasho, akautazama ubao. Akajifuta uso kwa pembe ya kanga, akatoka. Nikajua kaenda kuleta kufuli. Kumbe kaenda kuleta nyundo. Akang'oa misumari mmoja mmoja, na kila msumari akinitukana, kwamba nina mdomo, kwamba nitawafungisha watu. Ubao ukaanguka. Upepo ukaingia, wa moto, unanuka bandari, lakini ukapita ukatokea mlangoni, Mwende. Ulitoka.

Sasa tunasoma kwa kunong'ona, ndiyo makubaliano yetu na Mama Zuhura. Mimi, mdomo huu unaoujua, nanong'ona!

Nakuahidi, kila mwaka nitakapofikia somo hili nitalitaja jina lako, na neno kawaida halitatoka kinywani mwangu. Nikirudi nyumbani nitafika kwa mama yako kule Mwingi, nimwambie vilevile, uso kwa uso.

Lala, mwenzangu. Dirisha liko wazi.

Mishi wako