Mrudishie Babu Yako Miguu Yake

Matombo, Morogoro
Tarehe 12 Julai 1953

Mpendwa mjukuu wangu Benedikto,

Marahaba. Naitikia shikamoo ambayo hujaniletea tangu Pasaka ya mwaka juzi. Hiyo bandari ya Tanga imekula miguu yako? Noeli ulisema unakuja, nikakuwekea jogoo. Jogoo amezeeka, mgeni hajatokea. Mtoto mbaya wewe, na bado nakupenda.

Hujambo lakini? Kifua hakikusumbui? Unakula ugali wa moto, au unashindia chai kama watu wa mjini? Mimi mzima, ni magoti tu. Anayeandika ni katekista Paulo, na nimemkataza kulainisha maneno yangu.

Sasa nisikilize. Babu yako Fransisko hayupo hapa nyumbani. Hajafa. Wamemchukua.

Unajua alivyorudi kutoka machimbo ya ulanga, yale mawe ya kung'aa, baada ya vita: vumbi kifuani, kikohozi hakikatiki, akivaa shati tu anahema kama aliyepanda mlima. Sista wa zahanati ya misheni alituambia wazi kuwa mapafu yale hayatapona, lakini mwili ukilazwa kitandani utakufa kabla ya mapafu. Akamfundisha kutembea kila siku, polepole, avute hewa kwa pua na kuitoa taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama anayepuliza kaa la moto. Pumzi ikibana asimame, aegemee fimbo, kisha aendelee.

Tulianza kutoka kitandani mpaka jikoni. Tukafika migombani. Mvua zilipokwisha akafika kwenye maharage yangu, akaketi akang'oa magugu, akanitukana kwamba nimepanda ovyo. Benedikto, nililia kwa furaha ya kutukanwa!

Majirani wakanicheka: "Yule mama anamswaga mgonjwa kama mbuzi!" Nikawajibu kuwa mbuzi anayeswagwa bado hajachinjwa. Lakini maneno yakateremka mpaka Mkuyuni, kwa dada wa babu yako, bibi yako Paskalia. Akamtuma mwanawe, mjomba wako Petro, pamoja na vijana na machela.

"Mkaza mjomba," Petro akaniambia, "mjomba wetu si punda. Atauguzwa kwao."

"Kwao ni wapi, kama si hapa alipozalia watoto na kuwazika?"

Nawe unajua desturi yetu: mume kwa mkewe ni mgeni, akilemewa, ukoo wa mama yake ndio wenye neno. Babu yako alitaka kukataa, hasira ikamkata pumzi kabla neno halijatoka. Wakasema, mnaona, hajiwezi. Wakambeba.

Nimekwenda kumwona. Paskalia anamlisha, anamwosha, anamfunika vizuri. Wanampenda, sikatai. Wanampenda kama maiti. Miguu yake imekuwa mabua. Akaniuliza, "Njia yetu imeshaota majani?" Nikamwambia haijaota. Na kweli haijaota, maana kila asubuhi naipita peke yangu, na pale alipozoea kusimama apumue, nami nasimama, namngoja. Moyo wangu umepasuka, mjukuu wangu. Paulo anataka niseme vizuri zaidi. Hakuna vizuri zaidi.

Nilimwinua tutembee. Hatujafika hata mlangoni, Petro akaingia, akamlaza tena, akaniambia nikirudi na fimbo ile nisikanyage kwake.

Neno langu kule ni la mtu wa nje. Lako ni la ndani, maana mama yako alitoka tumboni mwa Paskalia. Petro atafoka, lakini hawezi kukufukuza. Usipokuja, watamzika kwa huo upendo wao.

Msalimie mkeo Theresia, na watoto wote uwabusu kwa ajili yangu. Cecilia wa mama yako mkubwa amejifungua salama, anakusalimu. Mungu akupe pumzi ndefu, akukinge na vumbi la watu.

Ukija, usipitie kwangu kwanza. Lori la Matombo likifika Mkuyuni, shuka. Ukiingia usimbebe, hata akikuomba. Msimamishe, kisha ukae nyuma yake, si mbele. Akitembea, tembea. Akisimama, simama, wala usimhimize. Mkifika mlangoni usimvushe kizingiti. Mwache avuke mwenyewe.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata ninapokugombeza,
Scholastika