Furaha alitosha jina ya mama

Siku ya posho, Jumamosi usiku

Leo mu fete, sherehe ya studio ya wachoraji, hapa Rugenge, Furaha ameimba wimbo yangu na akatosha jina ya mama, akaiondoa kabisa.

Tulikuwa tumepatana: minye gitare, yeye sauti, kwani yangu inakatika kila nikifika pale mama anachukuliwa na maji ya mto Mulongwe. Nilimufundisha kila neno. Papa nilimualika aisikie kwa mara ya kwanza.

Akashika mikro, akasema: «Hii wimbo nilitunga mwenyewe, juu ya mama yangu marehemu.»

Mama yake iko Nyakabere, analima muhogo, muzima kabisa.

Pale pa kuimba Nabintu, jina ya mama yangu, akaimba jina ya mama yake. Niliacha kupiga. Yeye akaendelea bila gitare, na watu wakalia.

Kisha nikamuvuta pembeni. «Furaha, sababu gani?»

«Weye ungeiacha ilale mu kaye yako ya kuandikia. Minye nimeitosha inje, watu wameisikia.»

Hata haya hakuona.

Papa akatufikia, macho mekundu, akamushika mikono yote mbili. «Aksanti, mutoto wangu. Ni kama ulimuona muke wangu siku ile.» Furaha akainamisha kichwa, akapokea. Papa akanigeukia: «Na weye, umushukuru.»

Nilitaka kusema ukweli. Lakini papa hakuwa amelia tangu mafuriko, hata siku ya kuzika, na...

Nikasema aksanti. Njo neno inaniuma kuliko yote.

Kesho nitamuambia papa, hata kama nitamunyanganya ile machozi.