Kifusi cha Daraja la Kwanza

Jumatatu, 9 Machi 2026

Bila mimi Sadoki, barabara ya kwenda Moshi ingekuwa mashimo mpaka leo. Naiandika hapa maana wengine hawapendi kuisema. Walipokuwa wanashindilia kifusi, mhandisi alinivulia kofia akasema mzee, hapa tumekwama, tuelekeze. Nikamwambia mwaga maji kwanza. Wakamwaga. Na mimi darasa la tano sikulimaliza!

Kwa hiyo kifusi hakinitishi. Hiki cha hapa nyumbani Lemara ni kidogo tu — jiko la zamani na ukuta wa uani, tumevunja ili tupate nafasi ya chumba cha Mama. Chumba kimeisha. Choo ndani, vigae vyeupe, mlango mpana. Ila kifusi kimekaa katikati ya geti na nyumba, kinanifika kiunoni. Mafundi wamechukua chao wakaondoka. Eti mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia kifusi niachieni, nina magari.

Mama anakuja Jumamosi. Dada yangu Elinipa, anayekaa naye kule Momela chini ya Mlima Meru, anakwenda Dodoma kwa binti yake Nashilu, amejifungua. (Jina la mtoto wanasubiri mjomba mkubwa aseme. Mjomba mkubwa ni mimi.) Mama hawezi kubaki peke yake. Tangu aanguke mguu hauinuki vizuri, anatembea na kile chuma cha kushikilia kwa mikono miwili. Kinataka chini pawe sawa.

Mke wangu Hanna kaniuliza, Baba Brayson, hicho kilima kinatoka lini? Nikamwambia simu moja tu.

Nimepiga. Mwenye lori la Fuso hapatikani.

Jumanne, 10 Machi

Nimeshinda Ngarenaro kwenye kijiwe cha magari ya mizigo. Nimerudi kichwa kizito.

Lemburis wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, anataka elfu thelathini kwa tripu. Tripu ngapi? Inategemea, Anko. Inategemea nini? Inategemea kifusi! Mwenye toyo, pikipiki ya magurudumu matatu, anataka elfu kumi, nikafurahi — kumbe toyo inabeba kama karai, ukijumlisha inazidi kirikuu. Fuso ingemaliza mara moja, lakini haiingii kichochoroni kwetu. Yaani ya rahisi ni ghali, ya ghali ni rahisi, na inayofaa kuliko zote haifiki. Nimepiga hesabu upya, jibu limekuja jingine. Nikarudia. Jingine tena!

Na kinamwagwa wapi? Lemburis akasema hiyo niachie mimi. Mwenzake akadakia, ndiyo, muachie, halafu mtendaji akikikuta korongoni faini inakufuata wewe mwenye tofali. Wakacheka wote.

Nikaona niwajulishe mimi ni nani. Nikawasimulia nilivyomtoa nyati Momela kwa pikapu, mzima, amekaa mbele na dereva. Lemburis akasema basi Anko, muite huyo nyati aje avute kifusi.

Vijana wa siku hizi shikamoo hawana, mdomo wanao.

Jumatano, 11 Machi

Mambo! Kumbe kifusi ni mali!

Nikiwa njiani kwenda kununua sukari nimekuta kibao kimepigiliwa kwenye nguzo: KIFUSI KINAHITAJIKA, na namba ya simu. Nimesimama pale mpaka mama wa mbogamboga akaniuliza kama naumwa. Hebu niambiwe — kitu mtu mmoja analipa kitolewe, mwingine anakitafuta kwa kibao? Nani mjinga hapo?

Nikapiga. Ni Kasaine, anajenga huko bondeni, kiwanja chake kinajaa maji. Akasema shikamoo mzee (huyu amelelewa), nina toyo yangu na vijana, kesho asubuhi tunakuja kuzoa chote, wewe weka mafuta tu. Nikamuuliza, na mimi unanipa shilingi ngapi? Akacheka sana.

"Mzee, mimi nakupa shimo."

Shimo! Nikamwambia kijana, hizi ni tofali za kuchoma, tena zimekaa kwenye moshi wa jiko miaka yote, zimeiva mara mbili. Akasema basi nifikirie, nimpigie leo jioni kabla hajapata kwingine.

Sikupiga. Mtu akikimbilia mali yako, ujue ina bei.

Hanna nikamwambia nakiuza. Akaweka mwiko chini. Uza, akasema, lakini Jumamosi Mama hatapita juu ya biashara yako. Mwanamke hana jicho la soko.

Nimechukua ubao na mkaa nikaandika KIFUSI KINAUZWA. DARAJA LA KWANZA. MUONE SADOKI. Nimeuchomeka juu kabisa, unaonekana mpaka njia ya kanisani.

Alhamisi, 12 Machi

Sielewi kilichotokea leo. Niandike kilivyokuja.

Asubuhi kaja mtu na mkokoteni, umejaa vipande vya zege na sinki lililopasuka. Nikajua mteja, kaja na chombo chake. Akasema, wewe ndiye mfanyabiashara wa kifusi? Nimekuletea mzigo, bure kabisa, sitaki hata senti.

Ningemwambia arudi nao. Lakini alivyosema vile, mfanyabiashara — tena jirani yangu Nathanael alikuwa ukutani anasikiliza! Nikasema mwaga hapo.

Akamwaga. Akaenda kuwaambia na wengine. Mchana wamekuja wa vigae, wa plasta, na bibi mmoja na ndoo ya vyungu. Wote wananiita bosi. Bosi niweke wapi? Weka hapo. Mpaka jioni geti halifunguki zaidi ya upana wa kuku.

Mnunuzi hajaja hata mmoja.

Nathanael akaniuliza kwa upole, Anko Sadoki, hii yako ni ya kuuza au ya kununua? Nikamwambia soko ni pana. Nimesema hivyo, lakini na mimi nilikuwa najiuliza.

Ijumaa, 13 Machi

Mvua. Tangu alfajiri. Meru haionekani kabisa.

Kifusi kimekuwa uji. Kimeteremka kimeziba mtaro, maji yameingia uani kwa Nathanael. Hakugomba. Alisimama na mwavuli anaangalia kuku wake juu ya banda. Afadhali angegomba.

Nikampigia Kasaine. Nikamwambia nimekufikiria, njoo uchukue, mafuta naweka. Akasema pole mzee, shimo limejaa jana, kuna jamaa kavunja godauni. Nikamuuliza huna shimo jingine? Hana.

Lemburis anasema kwa tope hili kirikuu haiingii, labda nimuite nyati.

Nikampigia Elinipa, nikamwambia mlete Mama wiki ijayo, barabara mbaya. Akaniuliza barabara gani hiyo, ndiyo ile uliyomfundisha mhandisi? Tiketi ya Dodoma ameshakata. Halafu akapunguza sauti. Mama amefunga nguo zake tangu Jumatano. Amewaaga watu usharikani, amesimama na kile chuma chake mbele yao akasema mwanangu Sadoki amenijengea chumba, choo kiko ndani, sitatoka tena nje kwenye baridi.

Nikasema sawa, njooni.

Hanna amechukua chepe peke yake, mvua inanyesha. Nimekwenda kumsaidia, lakini kila tukitoa toroli moja hatujui pa kumwaga. Tumeizungusha tukairudisha palepale.

Jumamosi, 14 Machi

Wamefika.

Gari waliyokodi, Noah, imesimama nje ya geti. Nilipanda juu ya kifusi nikawaita, karibuni! — nikateleza, nikashuka kwa makalio mpaka miguuni kwa Mama. Shikamoo Mama. Akanishika kichwa. Marahaba baba. Akaangalia juu, akaangalia chuma chake, akasema nimeuacha mlima mmoja Momela, naona umenitafutia mwingine.

Watu walicheka. Yeye hakucheka, alikuwa amechoka. Nathanael akamletea kiti, Hanna akamfunga khanga magotini. Amekaa kibarazani kwa Nathanael, palepale palipoingia maji, anakunywa chai ya watu. Chumba chake anaona bati tu.

Nathanael kapiga simu, wamekuja wanaume wa usharika. Na Lemburis! Kirikuu kaiacha barabara kuu, kaja kwa miguu na koleo. Wanachimba njia ya kumpitisha. Wakaniuliza Anko, vipi? Nikawaambia naingia mara moja, kuna kazi haijaisha chumbani kwa Mama.

Sasa niko humu. Nimefunga komeo. Nasikia makoleo yanakaribia. Nasikia Elinipa anauliza huyu mtu yuko wapi, na Mama anamjibu, mwacheni mwanangu, ananitengenezea chumba kwa mikono yake, hamsikii?

Hakuna ninachotengeneza. Naogopa kutoka. Naandika mstari mmoja, nagonga nyundo ukutani, naandika mwingine, nagonga, ili wasikie kazi.

Plasta imeanza kudondoka.