Shule Tatu kwa Muhula Mmoja

Keroka, Jumanne, 1974. Mvua tangu mchana, na baridi ya kuuma vidole.

Leo nimefunga duka letu la ushonaji. Sijui kama nimelifunga kwa wiki moja au kwa maisha.

Mimi na rafiki yangu Kerubo tulianza na cherehani mbili kwenye baraza la duka la vitambaa hapa Keroka. Tulishona marinda ya kanisani na suruali za wazee. Tulikula, tukasomesha watoto, tukalala usingizi. Kisha shule za Harambee, zinazojengwa kwa michango ya wananchi, zikaanza kuchipuka kila kilima, na kila shule ikataka sare. Ya kwanza ilipenda kazi yetu, ikaiambia ya pili. Ya pili ikaiambia ya tatu, ile ya Ekerenyo.

Zote zilitaka sare kabla ya muhula kuanza.

Kerubo alisita. "Mama Nyaboke, tuchukue moja. Hizo nyingine zingoje mwakani."

"Hazitangoja. Zitaenda kwa mwingine," nikamjibu, na sikuwa nikibahatisha. Jirani yetu, fundi Ombati, alikataa kuajiri msaidizi, akisema lazima kila nguo aishone kwa mkono wake mwenyewe. Wateja wakachoka kumsubiri. Tulimwona akibeba cherehani yake kurudi nyumbani akachume majani chai.

Basi tukaajiri mafundi, wengine hata kutia uzi kwenye sindano walijifunzia kwetu. Tukafungua chumba cha pili Masimba. Mimi nikaacha kushona. Kutwa nilikuwa njiani, kufuata vitambaa Kisii mjini, kupeleka vifungo Masimba. Nguo zilitoka dukani bila mimi kuzitia machoni.

Leo mchana mwalimu mkuu wa Ekerenyo aliingia amelowa chapachapa, na magunia mawili. Nilidhani amekuja kunipigia kelele. Afadhali angepiga.

"Sikuja kugombana, mama," alisema. "Siku ya wazazi mishono iliachia. Wasichana waliimba wimbo mzima wakijishika nyuma. Mmoja hajarudi shuleni mpaka leo."

Nikatoa rinda moja guniani, nikalivuta kidogo tu. Likafunguka kama ganda la ndizi iliyoiva.

Kisha akaniambia, kwa upole, kwamba zile shule nyingine mbili zimeshatafuta fundi Kisii.

Nikawaambia mafundi waende makwao. Wawili walilia. Ndiyo kwanza mikono yao ilikuwa inaanza kuzoea kazi. Wangepata mwaka mmoja zaidi, wangekuwa mafundi kweli.

Kerubo hakunilaumu. Aliyafunga magunia, akasema atakwenda kuzishona upya nguo zote kwa mama yake, hukohuko Ekerenyo.

"Nitakusaidia," nikasema.

"Wewe pumzika," akajibu, bila kunitazama.

Nikamsaidia kupakia cherehani yake. Hakusema twende. Hakusema atarudi.

Hilo limeniuma kuliko duka.

Sasa nimekaa jikoni, moto umezimika na sina nguvu ya kuuwasha. Ombati alikwenda polepole, akaanguka. Mimi nilikimbia, nimeanguka. Ni mwendo gani uliopo katikati, na mtu huujuaje kabla hajaanguka?

Kesho itakuja tu. Mimi sijaiita.