Nyimbo Asizozijua

Jumatatu, 2 Desemba
Foleni ya malori imefika mbali. Nzuri kwangu. Dereva aliyekwama mpakani siku tatu anazichoka nyimbo zake, anakuja kibandani kurushiwa nyingine. Nimejaza kadi za simu kumi na mbili na flashi tano kabla ya mchana.

Wameanza kuuliza kama nyimbo za mwaka ziko tayari. Bado. Kila Desemba tunatoa flashi moja, nyimbo thelathini bora za mwaka. Kumi na tano zangu, kumi na tano za Eliza. Kila mmoja anaruhusiwa kuukataa wimbo mmoja wa mwenzake bila kutoa sababu. Mwaka jana alinikatalia singeli niliyoipenda kuliko zote. Nilinuna siku mbili.

Nimeandika "tunatoa". Mke wangu Eliza tulimzika Julai. Kichwa kilimuuma Jumapili, Alhamisi tukawa makaburini Hasamba, kwao.

Jumatano, 4 Desemba
Nimeanza na za Januari. Wimbo wa tatu nikazima.

Shida ni hii. Kila wimbo unaotoka hapa una sauti ya Eliza. Wenye kazi hii wanaita jingo: maneno machache yanayobandikwa katikati ya wimbo, ili jirani akiuiba ajulikane. Ya kwetu alisema yeye. "Hii umeipata kwa Eliza, mpakani." Inakuja kiitikio cha kwanza kikiisha. Wateja wameizoea, hawaisikii tena. Mimi naisikia.

Kuna nyimbo zaidi ya mia nne za kupitia. Mara mia nne ataniambia jina lake.

Ijumaa, 6 Desemba
Nimemjibu. Wimbo wa kwaya, wa mwezi wa tatu. Akasema jina lake, nikasema "nakusikia". Dereva mmoja Mzambia alikuwa dirishani. "Mulishani, bosi?" akanijulia hali kwa lugha yao, polepole, kama anamwamsha mgonjwa. Nikamrushia nyimbo kumi za bure ili aondoke. Aibu tupu.

Jumatatu, 9 Desemba
Sikukuu. Nimesikiliza tangu asubuhi. Nimefika Oktoba, na bado anaongea.

Niandike ukweli, hapa hakuna wa kunicheka. Programu inabandika yenyewe. Wimbo ukiingia kwenye folda unatoka na sauti yake. Baada ya matanga nilifungua kibanda, nikatupia nyimbo mpya humo kama kawaida, na Eliza akasema. Ningeweza kuizima. Ni kitufe kimoja. Sikukizima. Agosti, Septemba, wanamuziki wanatoa nyimbo na Eliza anazitangaza, utadhani yuko nyuma ya pazia anazisubiri. Nilipenda. Ndiyo, nilipenda.

Leo nimeogopa kwa mara ya kwanza. Kuna wimbo wa Oktoba, mwanamume anauliza nani yuko mlangoni. Vyombo vinanyamaza kidogo. Halafu Eliza anataja jina lake. Programu haijui kitu, imebandika tu palipokuwa na nafasi. Najua. Nimeuzima hata hivyo. Nimetoka nikasimama kati ya malori, penye injini zinazonguruma, mpaka nikapata joto.

Alhamisi, 12 Desemba
Mama mkwe amekuja. Hakupiga simu. Kwao mkwe na mama hawashikani mikono wala hawaketi benchi moja, kwa hiyo akasimama mlangoni, mimi nikarudi nyuma hadi ukutani.

Jana alikuwa Nanyala anauza maharage. Pikipiki ikapita na spika. Akamsikia mwanawe. Aliyaacha maharage chini akaikimbilia ile pikipiki, mwanamke wa umri wake, mpaka jamaa akasimama. Akamwambia, huo mpya, mama, umetoka wiki hii.

"Mimi nilimzika," akaniambia. "Udongo niliushika kwa mkono huu. Sasa anafanya nini kwenye wimbo wa wiki hii? Nani anamsemesha?"

Nikasema ni mashine tu, mama. Akaniangalia. Akauliza mashine iliniomba sauti hiyo, au mimi ndiye niliyeipa. Akaondoka bila kunywa hata maji. Nimejisikia mchawi.

Ijumaa, 13 Desemba
Khadija wa chai, jirani, alisikia yote. Mtu wa Tanga, mdomo wake hauna breki. "Shemeji, unamfanyisha marehemu kazi mwezi wa tano huu. Mpumzishe." Nikamtukana. Akaniletea chai vilevile.

Mchana akajitolea aseme yeye. Tukarekodi. Sauti tamu, ya pwani. Nikaibandika kwenye wimbo mmoja, nikausikiliza, nikafuta. Nilihisi nimeingiza mke mwingine ndani na kaburi halijajengewa. Khadija kanuna. Haki yake.

Hofu yangu niiseme wazi. Picha ninazo nyingi. Sauti yake ninayo hiyo tu, maneno matano. Nikikizima kitufe, hatasema tena kwenye wimbo wowote mpya. Nisipokizima, kila pikipiki inayopita Nanyala inamfukua mtoto wa mtu.

Jumapili, 15 Desemba
Sikwenda kanisani. Sikusikiliza chochote. Lori lilipita likielekea Zambia, vioo wazi, nikamsikia akipita nalo. Nikasimama barabarani mpaka likaingia getini. Sijui nilikuwa nasubiri nini.

Jumanne, 17 Desemba
Hasamba. Nimefunga kibanda siku ya kazi, foleni imejaa. Mvua, matope hadi kwenye soksi, mahindi yamefika magotini.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kumweleza. Mama hakutaka maelezo. Alitaka kumsikia Eliza bila muziki. Nikaweka simu juu ya kigoda, nikarudi mlangoni, ndipo akaichukua.

Akasikiliza. "Tena." Nikamwelekeza kwa mbali pa kubonyeza. Akabonyeza mwenyewe, akabonyeza, akaiweka sikioni. Mvua ikaongezeka juu ya bati, akaingia chumbani na simu. Aliporudi akasema mtoto alikuwa anazuia kicheko hapo mwishoni. Kweli. Siku tuliyorekodi nilikuwa nimemkonyeza. Nimeisikia sauti hiyo mara elfu na kicheko sikukisikia. Yeye kakisikia leo leo.

Akairudisha simu kwenye kigoda.

"Nyimbo alizozijua, mwache aseme. Asizozijua, usimtume."

Nikalia mbele ya mama mkwe. Si adabu. Akageukia ukutani mpaka nikamaliza, kisha akanifungia mihogo ya kuchoma ya njiani.

Jumatano, 18 Desemba
Kitufe nimekizima saa tatu asubuhi. Kazi imeendelea. Nina hasira na kila mtu.

Jumapili, 22 Desemba
Sauti ikishaingia kwenye wimbo haitoki. Nimelazimika kuzitafuta upya zote, kuanzia siku ya mazishi hadi nilipokizima kitufe, safi, na kuzifuta nilizobandika. Siku nne nzima. Kila moja nilipoifuta niliisikiliza kwanza. Mpumbavu.

Zilizokwishaondoka na malori sina uwezo nazo. Huko Lusaka na Lubumbashi ataendelea kusema hadi kadi zife. Nimempigia mama nikamwambia hivyo hivyo, sikutaka kumdanganya.  Akasema huko mbali yeye hatamsikia. Akauliza kama nimekula.

Jumanne, 24 Desemba
Kumi na tano zake nimezipata kati ya Januari na Julai. Hazikuwa ngumu. Kwaya yenye mpiga ngoma anayechelewa, ambaye Eliza alimtetea kama ndugu yake. Yule mpiga gitaa wa Nakonde. Ule wimbo wa mama anayegombana na mkaa uliolowa, nisioupenda hata kidogo. Nimeuweka. Nilikuwa na haki ya kuukataa mmoja. Sikuitumia.

Kibanda kingine cha nyimbo kimeanza kunakili zangu za Agosti na kuendelea. Jamaa ameshagundua hazitaji tena jina la mwenye kibanda. Achukue.

Zangu nina kumi na nne.

Jumanne, 31 Desemba
Flashi imetoka leo, baada ya Krismasi, haijawahi kuchelewa hivi. Madereva wamelalamika kidogo, wamechukua. Khadija kachukua moja, kasema anasamehe.

Mvua ndogo. Foleni imepungua.

Wimbo bora wa mwaka huu umetoka Novemba. Nimejaribu wiki nzima kuukwepa, nikarudia za Mei, za Juni, nikatafuta kasoro. Hauna. Mwanamke na ngoma mbili, basi. Asubuhi nimeusikiliza mara tatu, mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyesema chochote katikati. Ningetoa kibanda hiki na kila kilichomo ili Eliza aukatae.

Nimeuweka wa kwanza.