Injini Iko Nyuma ya Kiti

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimekuamkia kwanza kwa sababu Mama amesimama hapa mlangoni, na amesema barua isiyo na salamu haitoki nyumbani kwake. Natumaini u mzima, shemeji hajambo, na wale mapacha wameacha kung'atana. Huku tunaendelea vizuri. Goti la Mama limetulia tangu abadilishiwe dawa. Macho ya Baba ni yale yale: anaona kivuli cha mtu mlangoni, ila mpaka useme ndipo akujue. Mimi sina homa wala kikohozi. Nina hasira tu, na ndiyo iliyonikalisha hapa, maana simu zangu hupokei na ujumbe wangu unausoma kisha unanyamaza.

Nianze na Jumanne. Nimerudi kazini na begi langu la spana begani, mgongo unauma baada ya kuhangaika na friji la hoteli tangu asubuhi, nikamkuta uani mtu wa vyuma chakavu. Ana futi kamba mkononi na wapagazi wawili. Alikuwa analipima gari la Baba kuanzia pua mpaka mkia, huku akiligonga bati kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Akaniuliza bila haya kama milango inafunguka kwa spana au itabidi aikate. Nikamwambia aanze kukata shingo yake. Wala hakukasirika. Akasema ametumwa na wewe, mzee mwenyewe amekubali, na Jumamosi anakuja na lori.

Kaka, umewezaje? Uko mbali huko, umekaa kwenye kiti chako cha ofisi kinachozunguka, unanyanyua simu unamtuma mtu aje akatekate gari la baba yako akiwa hai, tena uani kwake. Hata mwizi huja mwenyewe.

Najua hukulipenda tangu siku lilipoingia. Ulikuwa na miaka kumi na minne, ukataka tuwe na gari la kupakia watu saba kama la jirani, na Baba akaja na gari la viti viwili alilouziwa na daktari wa meno aliyechoka kuchekwa. Watoto wa mtaa wakaliita Kiatu. Siku ile kituo cha mafuta, kijana wa pampu alifungua boneti ya mbele akakuta tairi la akiba tu, akamwambia Baba kwa huruma kwamba injini imeibiwa. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Tangu siku hiyo hukuliita gari tena. Uliliita kopo, na kila shangazi aliyekuja kututembelea alilisikia neno hilo kabla hajapewa maji.

Hata wanaojua magari walilidharau. Wao walitaka lile jingine lenye injini kubwa na jina kubwa, ambalo picha yake hubandikwa kwenye vibanda vya vinyozi. Letu walisema ni gari la michezo la mtu aliyekosa nauli. Na kweli, kwenye barabara iliyonyooka pikapu ya maziwa inakupita, dereva anakupungia mkono. Taa zake zinachomoza kutoka kwenye boneti, ya kushoto kwanza, ya kulia ikijisikia. Mama alilipanda mara moja, akasema magoti yalimfikia masikioni, na hakurudia.

Lakini wewe hukuwahi kumuuliza Baba kwa nini analipenda. Mimi nilimuuliza. Alikuwa mwalimu wa udereva, Kaka. Kutwa nzima alikaa kiti cha pembeni, mguu juu ya breki yake ya ziada, mwendo wa msafara wa maziko, akiogopa kwa niaba ya watu wengine. Jioni ya Ijumaa alikuwa analitoa gari lake na kwenda barabara ya tangi la maji, ile yenye kona kumi na tisa. Siku niliyomuuliza, alinijazia ndoo maji akaniambia niibebe mikono imenyooka mbele, halafu nigeuke haraka. Ikanivuta nusura nianguke. Akaniambia niikumbatie tumboni, nigeuke tena. Tukageuka pamoja, mimi na ndoo. Akasema magari mengine yamebeba injini mikono imenyooka, na hili limeikumbatia. Injini iko nyuma ya kiti, katikati ya tairi za mbele na za nyuma.

Nilipofikisha umri wa leseni alinipa usukani kwenye barabara ile, na tangu siku hiyo sijapata kulipenda gari jingine. Umekaa chini kabisa, lami inapita kiunoni. Injini inahema nyuma ya sikio lako, unaisikia kabla hujatazama mshale. Ukikata kona, gari halikutupi nje wala halichelewi, linazunguka na wewe kama umelivaa. Mwendo wenyewe ni wa kawaida tu. Nimewahi kushuka pale tangini nikicheka peke yangu, halafu nikaangalia na kukuta sikufikisha hata kilometa sabini kwa saa. Na hakuna aliyegeuka kunitazama, maana nani atageukia kiatu? Hilo nalo lilikuwa raha yangu. Nilijua kitu ambacho mtaa mzima haukijui.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Unaijua, ila nataka uisome kwa mwandiko wangu.

Gari lile rejeta iko mbele na injini iko nyuma, kwa hiyo maji yanasafiri chini ya sakafu kwa mabomba marefu. Ukiyafungua ukajaza mapya, hewa inabaki humo ndani. Lazima upandishe pua ya gari juu ya mbao, ufungue skrubu ndogo juu ya rejeta, uwashe injini na hita, na usubiri mpaka maji yatoke bila povu. Ukilipeleka barabarani na hewa yake, unaipika injini. Ndiyo maana Baba akaweka sheria moja tu, na aliiweka kwetu sote, hata kwako usiyeligusa: anayefungua maji anafunga kitambaa chekundu kwenye usukani, na hakifunguliwi mpaka hewa imetoka. Kitambaa kikiwepo, gari haliwashwi.

Ulikuja likizo. Ile Jumamosi asubuhi shemeji aliondoka na gari lenu, na dawa ya Mama ilikuwa imeisha. Ukachukua ufunguo wa Kiatu msumarini, bila kuniuliza mimi ninayelihudumia, ukaenda. Ulipofika kilima cha shule likaanza kutoa mvuke, na mlio wake ukawa wa kokoto kwenye sufuria. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikapinda. Nilikukuta pembeni ya barabara, shati limelowa, ukasema mshale wa joto haukupanda hata kidogo. Nikakuita mwongo mbele ya watu. Nikafungua mlango, nikamwonyesha kila aliyesimama pale kitambaa chekundu kwenye usukani, nikasema huyu amekikuta kimefungwa, na bado akawasha gari.

Ukaapa kwamba hakikuwepo. Ukasema ulitazama usukani, ukatazama hata chini ya kiti. Ukaapa tena nyumbani mbele ya Baba. Mimi nikasema kilikuwepo. Ndipo ukasema lile neno, kwamba basi gari ni bovu, limekuwa bovu miaka ishirini na miwili, na mzee alidanganywa na daktari wa meno. Ukaondoka kabla ya chakula. Miezi minne sasa.

Na hilo ndilo nisilokusamehe. Hukuwa pale kumwona Baba baada ya wewe kuondoka. Aliacha kwenda uani. Zamani alikuwa anashika boneti kila asubuhi akipita, kwa kuwa macho hayaoni na mikono inaona. Aliacha. Jumanne, baada ya yule wa vyuma kuondoka, nilimuuliza kwa hasira kwa nini amekubali. Akanijibu taratibu kwamba watoto wake wawili wamesema maneno mawili yasiyoweza kukaa pamoja. Kama gari ni zima, basi mwanawe wa kwanza ni mwongo. Kama mwanawe ni mkweli, basi gari ni bovu. Akasema hawezi kumwita mwanawe mwongo kwa sababu ya bati. Acha liwe bovu, labda waliocheka waliona mapema.

Kaka, mtu amelitetea gari lake miaka ishirini na miwili mbele ya mashangazi, majirani na mafundi, halafu analikana kwa kinywa chake ili wewe ubaki na heshima. Nilitaka kukupigia nikutukane. Nilishika simu. Nikaiweka chini, maana hata uso mkavu kama wangu una mahali unapoishia.

Mama amekwenda jikoni sasa, nami niyaandike kabla hajarudi, ingawa anayajua. Mficha uchi hazai.

Kitambaa hakikuwepo.

Nilibadilisha maji asubuhi ile ile, mapema. Nilijaza, nikafunga, na kabla sijatoa hewa bucha ya sokoni ikanipigia kwamba chumba chao baridi kimekufa na nyama inaanza kutoa maji. Nikakimbia. Kitambaa nilikuwa nimefutia mikono, nikakitia mfukoni. Mimi, fundi wa mafriji, ninayekula kwa kutoa hewa kwenye mabomba ya watu. Nilipokukuta kilimani, uliniacha kwanza na gari ukaenda kutafuta kamba ya kuvutia, na watu walikuwa bado hawajakusanyika. Nilitia mkono mfukoni nikakikuta. Nikakifunga kwenye usukani. Haikuchukua hata dakika moja.

Na mshale kweli haukupanda. Nilijua hautapanda. Kile kipimo kinasoma maji, na pale kilipo kulikuwa na hewa tupu. Nilijua unasema kweli wakati ule ule nilipokuita mwongo. Miezi minne nimekukasirikia kwa kulichukua bila ruhusa, kwa kuliita bovu, kwa kopo lako, kwa kila kitu ulichofanya kweli, ili nisikumbuke kile ambacho hukufanya. Nyani haoni kundule, na mimi langu nililifunga kitambaa.

Jana nilimwambia Baba. Mama alikuwepo. Nilidhani Baba atanigombeza, kisha atanisamehe, kisha atamfukuza yule wa vyuma, na gari litabaki kwangu kama alivyoniahidi siku zote. Yule wa vyuma amemfukuza, nimesikia mwenyewe kwenye simu. Kunigombeza hakunigombeza. Aliniuliza jambo moja tu, kama ni kweli ulisema ulitazama na chini ya kiti. Nikamwambia ndiyo. Akasema aliyelicheka miaka yote hiyo alitafuta kitambaa kabla ya kuwasha, na aliyelipenda hakukifunga. Akasema gari ni la aliyetafuta.

Nilibisha. Nililia kwa sauti kama mtoto, nikamwambia wewe hujui hata skrubu iko wapi. Akasema nikufundishe.

Kwa hiyo ufunguo huu hapa, nimeufunga kwenye karatasi ya pili pamoja na mchoro wa mabomba. Hedi nimekwisha kuitoa, iko kwa fundi wa kuinyoosha, na gasketi mpya imefika. Nitalifunga mwenyewe, maana sitaki mtu wa gereji alifungue mbele akatafute injini. Likiwa tayari utaambiwa, na utakuja ulichukue. Hasira ninayo bado, nyingi tu, sina wa kumpa. Nisamehe. Neno hilo nimelifuta mara mbili, sasa nimeliacha.

Mama anakusalimu, anasema uje na mapacha. Msalimie shemeji, mwambie aliyosikia kunihusu kutoka kwako yote ni kweli. Baba anakusalimu sana. Leo asubuhi alitoka uani peke yake, akipapasa ukuta.

Ukija, kumbuka lina viti viwili tu. Usinipakie mimi. Mpeleke Baba barabara ya tangi la maji, uendeshe polepole mpaka kona ya kwanza, halafu umwachie asikilize. Mimi nitawangoja hapa getini.

Ni mimi, mdogo wako,
fundi friji